Maswali ya Wasomaji: Jelatini imeyeyuka, tutumie mwani?

SWALI: Klabu yetu ya sayansi inaotesha ukungu wa mkate, na sasa tunataka kujaribu korosho zilizooza. Tuligandisha mchuzi wa viazi, chakula cha ukungu, kwa jelatini; asubuhi uliganda, mchana ukawa maji. Je, mwani unaolimwa hapa pwani utafaa? Na bila mashine ya kuua vijidudu tufanyeje?
Mwalimu, Mikindani

JIBU: Mwalimu, hamkukosea kupika. Jelatini huyeyuka joto likikaribia nyuzi 30, na mchana wa Mtwara hufika hapo bila taabu. Isitoshe, kuvu nyingi huila jelatini yenyewe. Ndiyo maana mwaka 1881, Ujerumani, Fanny Hesse alimshauri mumewe, mtafiti wa bakteria, atumie agari, kigandishi alichokizoea jikoni. Agari huganda kwenye nyuzi 35 hivi, na haiyeyuki tena mpaka ipite 80.

Agari hutoka kwenye mwani, ila si huu wetu. Spinosamu, mwani unaolimwa pwani, hutoa kigandishi kingine, karajini, nacho huganda laini mno: sindano ya kupandikizia ukungu ikigusa, kinachanika. Tafuteni agari ya unga ya kupikia, inatosha kabisa. Someni pakiti kwanza, maana unga wa jeli mara nyingi ni karajini na sukari.

Kwa nusu lita, chemsheni gramu 100 za viazi mviringo vilivyomenywa kwa nusu saa, chujeni, tieni sukari gramu 10 na agari gramu 7.5, kisha ongezeni maji yafike nusu lita. Mkitaka kuzuia bakteria kwa ndimu, ikamulieni mwishoni. Agari ikichemka na uchachu haigandi.

Mashine yenu ni presha kuka. Sufuria ya kawaida haitoshi, kwani viini (mbegu ngumu) vya baadhi ya bakteria huvumilia nyuzi 100. Jazeni chupa nusu, vifuniko vilegee, na mvuke ukishashika kasi hesabuni dakika 30. Iacheni ipoe yenyewe: mkitoa mvuke ghafla, agari itafurika. Mimineni kwenye chupa za jemu zilizochemshwa humo humo, pale chupa ya agari inaposhikika mkononi. Ikiwa ya moto zaidi, matone hujaa kwenye kifuniko na kudondokea ukungu.

Kuhusu korosho, tafadhali sana: ukungu wake unaweza kuwa ule wa sumukuvu. Mkishapandikiza, zungushieni kifuniko solotepu, msifungue tena wala kunusa. Mkimaliza, legezeni kifuniko kidogo tu, chupa ikiwa tayari ndani ya presha kuka, pikeni dakika 30 ndipo mtupe. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, msihangaike nao. Huo huishi kwenye mmea hai tu.