Jukwaa la Nyuma Likianza Kucheza, Angalia Ukuta Kabla ya Bolti

Kwa anayebeba wageni hapa Tanga, jukwaa la nyuma ndilo linalofanya kazi kuliko sehemu nyingine yoyote ya boti. Mgeni anashukia hapo kuogelea karibu na kisiwa cha Toten, anapandia hapo akitoka kutazama matumbawe ya Maziwe, na mzamiaji mwenye mtungi wa hewa mgongoni anajiegemeza hapo na uzito wake wote. Kwa hiyo nahodha akinipigia simu kuniambia, "Fundi, jukwaa linacheza kidogo tu, njoo unikazie bolti," namwomba asipakie mtu mpaka nifike. Kwenye boti ya faiba, bolti ya jukwaa ni nadra kulegea yenyewe. Kinacholegea ni ukuta wa shetri, yaani ukuta wa nyuma wa boti, ulioishika.

Boti nyingi za faiba zina shetri yenye ngozi mbili, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati imelala plaiwudi. Matundu ya bolti yanapita kwenye plaiwudi hiyo. Gundi ya kuziba ikichakaa kwa jua na mtetemo wa injini, maji ya chumvi yanaingia polepole na ubao unaoza huku nje faiba inang'aa. Hapo kila unapokaza nati, washa (kile kibati cha mviringo chini ya nati) inazidi kuzama na kuuponda ubao uliokwisha kulainika. Jukwaa litatulia wiki mbili tatu, kisha litaanza tena, na safari hii tundu limeshakuwa kubwa.

Uchunguzi wake hauhitaji vifaa vya gharama. Mtu mmoja asimame ukingoni mwa jukwaa, wewe uingie ndani na tochi uangalie nati. Zikisogea, au ukiona doa la kahawia limetiririka chini yake, tayari una jibu la kwanza. Kisha gonga ukuta wote kwa mpini wa bisibisi. Ubao mzima unajibu kwa sauti kavu, uliooza unajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Weka alama za chaki kadiri unavyokwenda. Halafu toa bolti moja ya chini, maana hizo ndizo hulowa kwanza, ingiza waya uliopindwa ncha na uchokonoe. Ukitoka unga mkavu mweupe, shukuru Mungu. Likitoka tope jeusi, toboa vitundu vya milimita 5 kutokea ndani, bila kufika ngozi ya nje, ukisogea mbali na bolti mpaka upate unga mkavu. Mpaka wa ugonjwa ni hapo.

Bolti uliyoitoa itazame shingoni, usitazame kichwa. Chuma cha pua hujilinda kwa utando mwembamba sana unaohitaji hewa ili uendelee kuwepo. Kikifungiwa ndani ya ubao uliolowa maji ya chumvi, utando huo unakosa hewa na chuma kinaliwa kwa vishimo vishimo mahali usipopaona. Nimetoa bolti nyingi ambazo kichwa kinawaka kama kipya na shingo imebaki nusu. Usizirudishe. Ukienda dukani Ngamiani soma alama ya kichwani: A4 ndiyo ya baharini, kwa sababu ina molibdeni inayopambana na chumvi. A2 ni ya majumbani, hata muuzaji akikuapia. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha. Kama A4 hazipo, agiza Dar es Salaam na usubiri.

Kuhusu kupandisha boti, tumia bamvua, siku za maji makubwa. Ipeleke juu ufukweni maji yakiwa yamejaa kabisa, na ukichagua mahali vizuri maji mafu, yale madogo yanayofuata, hayataifikia mpaka bamvua lijalo, kama siku 14 baadaye. Kwa kazi ya kawaida muda huo unatosha. Januari na Februari ni miezi mizuri kwa sababu mvua ni chache. Masika yakishaanza, mimi sifungui shetri ya mtu bila turubai la uhakika juu yake.

Uozo ukiwa umezunguka matundu tu, panua kila tundu kwa ndani, komba ubao wote mbovu, suuza kwa maji ya bomba na uache likauke kabisa. Wengi wanaruka kusuuza, lakini chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewa na ubao hautakauka kamwe. Kisha ziba tundu lote kwa epoksi (gundi ya sehemu mbili inayoganda ngumu) iliyochanganywa na unga wa silika hadi isichuruzike ukiinua kijiti. Ikishaiva, toboa upya katikati yake. Sasa bolti inapita kwenye epoksi ngumu, na hata maji yakipenya siku moja hayatakutana na ubao. Kwa joto letu changanya kidogo kidogo, umwage kwenye trei pana, ufanye kazi asubuhi. Epoksi nyingi ikikaa kwenye kopo hujichemsha yenyewe na kutoa moshi.

Uozo ukiwa mpana, kata ngozi ya ndani tu. Ya nje iache, ndiyo inayoshika umbo la boti. Ondoa plaiwudi yote iliyooza, weka mpya ya baharini ukiilaza kwenye epoksi, kisha rudisha tabaka za faiba. Ukingo wa faiba ya zamani uchongwe kwa mteremko wa mara 12 ya unene wake: faiba ya milimita 5 inataka mteremko wa milimita 60. Rezini ya poliesta ni rahisi kupatikana na bei yake nafuu, ila haishiki vizuri kwenye ubao wala kwenye faiba iliyokwisha kuiva, na hapa kushika ndiko tunakokutafuta. Na kama shetri hiyo hiyo imebeba injini ya nje, fungua ukuta wote. Usibahatishe.

Sasa tuje kwenye kuimarisha, maana kurudisha jukwaa lilivyokuwa ni kurudisha na ugonjwa wake. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha nyoosha mkono uone inavyokuwa nzito. Jukwaa linaifanyia shetri jambo hilo hilo. Chukua jukwaa lenye kina cha sentimita 60, na watu watatu wa kilo 75 wamesimama ukingoni, jumla kilo 225. Kama kuna sentimita 30 kutoka bolti za juu hadi mguu wa breketi (chuma kinacholibeba jukwaa) chini, bolti za juu zinavutwa kwa nguvu ya kilo 450. Shusha mguu hadi sentimita 45, mvuto unashuka hadi kilo 300. Breketi fupi ya sentimita 10 inazivuta bolti kwa kilo 1,350, na hapo hakuna aliyeruka bado. Kwa hiyo kabla ya kununua chuma kinene, mwambie fundi wa kuchomelea akurefushie mguu kwenda chini kadiri shetri inavyoruhusu. Kumbuka pia kwamba kusi likivuma, wimbi hulipiga jukwaa kwa chini na mvuto unageuka, kwa hiyo bolti za mguuni nazo zifungwe kwa uzito ule ule.

Ndani, washa peke yake haitoshi. Weka bamba la kuegemeza. Chuma cha kawaida kitaota kutu, na alumini ikigusana na chuma cha pua kwenye maji ya chumvi italiwa. Mimi hutengeneza bamba la faiba lenyewe: nalaza tabaka za kitambaa na epoksi juu ya nailoni mpaka unene ufike milimita 10, nakata, nazungusha kona, kisha nalibandika ukutani kwa epoksi. Liwe pana kuliko breketi, liunganishe bolti zote za upande mmoja. Boti ikiwa na mihimili ya ndani inayokimbia kwenda omo, yaani mbele, unganisha shetri nayo kwa goti (kipande cha kona) la plaiwudi lililovikwa faiba. Mafundi wa majahazi hawakuuachia ubao ubebe mzigo peke yake, waliupeleka kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, na msumari waliuzungushia pamba yenye mafuta kabla ya kuugonga. Yote mawili bado tunayahitaji.

Pamba yetu siku hizi ni gundi ya poliyurethani ya baharini. Silikoni ya bafuni iache bafuni. Panua kidogo mdomo wa tundu upande wa nje ili gundi ifanye pete kuzunguka bolti, kaza nusu, acha iive, kisha malizia kwa kuzungusha nati peke yake. Ukizungusha bolti unaikata ile pete. Pakaa nyuzi grisi ya kuzuia kung'ang'ana, maana chuma cha pua kwa chuma cha pua hushikana ghafla na hakifunguki tena. Nati ziwe zile zenye pete ya plastiki.

Kabla ya mgeni kukanyaga, lijaribu. Madumu 12 ya lita 20 yaliyojaa maji yanakupa kilo 240. Yapange ukingoni kabisa, uingie ndani na tochi, utazame bamba na nati kwa nusu saa. Likikaa kimya, mwagia maji kwa nguvu pale breketi zilipofungwa, uangalie ndani kama kuna tone. Wageni wakishaanza kupanda na kushuka, injini izimwe kila mara: panga la injini liko chini ya miguu yao, na moshi hukusanyika hapo hapo nyuma, usawa wa pua ya anayeogelea. Mwezi mmoja baadaye pitisha spana kwenye kila nati, kisha rudia kuugonga ukuta kila unapopandisha boti.