Kipoza cha prosesa kwa kompyuta ndogo: hesabu kwanza joto la kaskazi

Kijana akiniuliza anunue kipoza gani kwa kesi ndogo, mimi humuuliza kompyuta yenyewe itakaa wapi. Nyumba ya mawe Mji Mkongwe si sawa na chumba cha bati Mwanakwerekwe, hapa Zanzibar, Februari, saa nane mchana.

Majaribio mengi ya vipoza hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kidogo. Feni haizalishi baridi, inahamisha joto tu, kwa hiyo prosesa haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayopulizwa. Chumba chako kikiwa na nyuzi 32 na chao kilikuwa na 20, jumlisha 12 kwenye kila namba uliyoisoma. Prosesa za AMD Ryzen 7000 za kawaida zikifika nyuzi 95 zinajipunguza mwendo zenyewe. Iliyofika 83 kwa wenzetu, huku kwetu imeshafika mwisho, tena hapo kesi bado iko wazi, hujaifunga joto likajikusanya ndani!

Ndiyo maana mimi huanza na prosesa. Ryzen 5 7600 ni ya wati 65, ndugu yake 7600X ni ya wati 105, na kwenye magemu tofauti yao ni ndogo mno. Chukua ya 65. Ukiona bado inachemka, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, uwashe Eco Mode, hali ya kubana umeme.

Halafu pima kwa rula, kutoka juu ya prosesa hadi kifuniko cha kesi. Kipoza cha kampuni ya Noctua, NH-L9a, kina kimo cha milimita 37, NH-L12S ni 70. Wengi hununua fupi kwa kupenda udogo wake tu, na nafasi inabaki bure. Kama kesi inaruhusu 70, ijaze.

Ila tazama na feni. Ya milimita 120 yenye unene wa 25 hata kwenye kompyuta kuukuu utaing'oa. Nyembamba za 15, kama ya hiyo NH-L12S, ni za kuagiza. Agiza ya akiba mapema. Vipoza vya maji mimi sivitaki: pampu ikifa, kompyuta imelala mpaka mzigo uvuke bahari.

Na walio karibu na pwani, shaba tupu muiache, chumvi haina huruma nayo. Chagueni iliyopakwa nikeli, na kesi isikae chini ya dirisha linalopokea upepo wa bahari.