Ukurasa mweupe, mstari wa 1, na siku zangu tatu ambazo hazirudi

Juzi usiku nimepata meseji kutoka kwa msomaji mmoja, kijana, ndio kwanza anaanza PHP, lugha ya kutengenezea tovuti na mifumo ya mtandaoni. Naiweka kama ilivyo maana najua wengi wenu mmeshamwandikia mtu meseji hii hii: "Shikamoo kaka, kodi yangu imegoma, nimehangaika nayo tangu asubuhi, naomba unisaidie." Basi, imeishia hapo. Kodi yenyewe hakuna, picha hakuna, chochote hakuna. (Kwa wageni humu, kodi ninayosema ni hii tunayoandika, sio ya mwenye nyumba, ingawa zote mbili zinanyima watu usingizi.)

Nikamjibu marahaba mdogo wangu, imegoma ikasemaje? Akasema haijasema kitu kaka, ni nyeupe tu.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana nilimkumbuka mtu aliyenicheka mimi kwa jambo hilo hilo, mbele za watu, na mpaka leo nikikumbuka nasikia masikio yanapata moto. Kwa hiyo acha niwasimulie yote, yamenikaa moyoni muda mrefu.

Mimi nilijifunza mwenyewe. Siku ya kwanza kabisa nilibofya faili langu mara mbili kama navyofungua picha, brauza ikanionyesha kodi yote kama maandishi tu, nikadhani nimeharibu laptopu. Sikujua kwamba brauza haijui PHP hata kidogo, anayeisoma ni seva, brauza inaletewa majibu tu, kwa hiyo lazima upitie localhost, yaani seva iliyo kwenye mashine yako mwenyewe. Nikalijua hilo, nikaendelea, miezi iliyofuata naruka maana haina stori, ni mimi na malupu na mabano. Nikapata mteja wa kwanza. Alitaka mfumo mdogo wa kusajili wanachama, nikautengeneza, kwenye laptopu yangu ukawa unateleza vizuri kabisa, nikaupandisha kwenye seva ya kukodi, nikamwita mteja akae pembeni yangu ashuhudie, nikafungua.

Nyeupe pee.

Mteja ananiangalia, mimi naangalia skrini, skrini haituangalii. Nikamwambia ni mtandao tu, nipe dakika kumi. Zikawa saa tano. Na ndani ya hizo saa tano nilifanya kitu ambacho kila anayeanza anakifanya na ambacho nawaomba mkiache leo leo, nilianza kubahatisha. Natoa mstari huu, naweka ule, nabadilisha nukuu moja kuwa mbili, nafuta mabano, nayarudisha, naongeza semikoloni pale ambapo haikuhitajika, na kila nikibadilisha sijui kama nimekaribia au nimezidi kupotea kwa sababu ukurasa mweupe ni mweupe tu, hausemi umeharibu zaidi. Mpaka jioni nilikuwa na makosa matano mapya na lile la kwanza bado lipo.

Nikamtafuta fundi mmoja mzoefu, simtaji. Alikuwa kakaa na wenzake. Akaniuliza swali moja: "Log inasemaje?" Nikamuuliza log gani. Wakacheka wote, na yeye akasema, nakumbuka neno kwa neno, "Na huyu naye anajiita programa." Akanionyesha ilipo kwa sekunde tatu kisha akaendelea na mazungumzo yao.

Sasa mimi sitawacheka, nawaambia. Seva ambayo inatumiwa na watu huwa imezimwa display_errors, yaani kuonyesha makosa kwenye skrini, kwa makusudi, ili mgeni asione njia za mafaili yako na mambo ya ndani ya mfumo wako. Lakini kosa halijapotea, limeandikwa kwenye log, yaani faili la kumbukumbu za makosa, mara nyingi faili linaitwa error_log au error.log, lipo kwenye folda la mfumo wako au kwenye folda la seva, unafungua, unashuka mpaka mistari ya mwisho, unasoma. Log yangu ilikuwa inasema hivi tangu asubuhi: Failed to open stream: No such file or directory. Faili langu niliita Config.php, kwenye require, amri ya kuliita faili jingine, nikaandika config.php. Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, seva ilikuwa Linux na Linux inajali sana. Herufi moja. Saa tano na kuchekwa, kwa herufi moja.

Ukiwa bado unatengeneza kwenye mashine yako, hakuna sababu ya kukaa gizani, weka hizi juu kabisa ya skripti:

ini_set('display_errors', '1');
error_reporting(E_ALL);

Ukishapandisha kwa wateja unaziondoa. Ila kuna mtego hapa na wengi wananiambia "nimeweka kaka na bado nyeupe". Kama kosa ni la kisintaksia, yaani umesahau bano au nukuu ndani ya faili lile lile, PHP inalisoma faili zima kwanza kabla ya kutekeleza hata mstari mmoja, ikikwama kwenye kusoma basi hiyo ini_set yako haijawahi kufanya kazi. Umemwandikia barua mtu ambaye hajafika mlangoni. Hapo unafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, unaandika php -l kisha jina la faili, inakuambia faili limekaaje na kosa liko mstari gani. Au unaiwasha display_errors moja kwa moja kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP.

Na ukishapewa mstari, usiuamini kama kiapo. Ukisahau semikoloni mstari wa 13, utaambiwa kosa lipo mstari wa 14, kwa sababu mpaka 13 inaisha PHP bado ilikuwa inasubiri umalize sentensi yako. Ukisahau kufunga bano la mkunjo unaweza kuambiwa kosa lipo mstari wa mwisho kabisa wa faili, mahali ambapo hakuna kitu. Kwa hiyo anzia hapo ulipoambiwa, halafu panda juu. Panda juu, sio kushuka.

Haya, sasa ile ya siku tatu. Hii ndio iliyonipa heshima niliyonayo, na mvi mbili.

Mfumo ule ule, sehemu ya kuingia kwa nenosiri. Kwenye laptopu inakubali, kwenye seva inakataa: Cannot modify header information - headers already sent by, halafu mwisho inasema output started at, njia ya faili, config.php:1. Safari hii nilisoma ujumbe! Nilijivuna kabisa, nimekuwa mtu mzima sasa. Maana yake nikaielewa pia: ukitaka kumhamisha mtu kwa header('Location: ...') au kuanzisha sesheni (ndiyo inayomkumbuka aliyeingia), heda, yaani taarifa zinazotangulia ukurasa, lazima ziende kabla ya kitu chochote kwenda kwa brauza, hata nafasi moja tupu, hata mstari mtupu kabla ya <?php. Nikafungua config.php mstari wa 1. Una <?php peke yake. Hakuna nafasi, hakuna mstari mtupu, hakuna echo.

Siku ya kwanza nikasema PHP inadanganya. Siku ya pili nikafuta mstari ule nikauandika upya mara sijui ngapi. Siku ya tatu nikafungua faili jipya kwenye editor nyingine, nikaandika yale yale kwa mkono, nikasevu, nikapandisha, ikakubali. Nikakaa kimya. Sikuwa nimebadilisha hata neno.

Kumbe ile editor yangu ya zamani ilikuwa inasevu UTF-8 (namna ya kuhifadhi maandishi) yenye BOM, yaani baiti tatu mwanzoni mwa faili, EF BB BF, ambazo huzioni ukifungua faili lakini seva inazituma kwa brauza kama kitu cha kawaida. Ndio ilikuwa output yenyewe, mstari wa 1, kama ilivyosema. PHP haikudanganya hata mara moja, mimi ndio sikuamini. Na kwenye laptopu ilikuwa inapita kwa sababu php.ini ya kwangu ilikuwa imewasha output_buffering, inakusanya matokeo kwanza kabla ya kuyatuma, ikanifichia aibu mpaka siku ya wageni. Tangu siku hiyo nasevu UTF-8 bila BOM, na faili likiwa la PHP tupu sifungi na ?> mwishoni, maana mistari mitupu ikibaki baada yake inaleta balaa hilo hilo.

Kuna watu wananiuliza kwa nini nakomaa na "soma ujumbe, soma ujumbe". Ndio hivyo. Soma ujumbe.

Lakini lipo kosa ambalo halina ujumbe, na hili nalisema kwa shida kidogo. Niliandika hivi:

if ($cheo = "admin")

Angalia vizuri. Alama ya sawa ni moja. Hiyo haiulizi kama cheo ni admin, hiyo inamfanya awe admin. Kila aliyeingia kwenye mfumo alipewa kitufe cha kufuta wanachama, na hakuna kilicholalamika, log safi, ukurasa unapendeza, mteja kafurahi, wiki mbili nzima. Mpaka mwanachama mmoja akabofya kuona kile kitufe kinafanya nini. Simu niliyopigiwa asubuhi ile sitaisimulia. Nakala ya akiba nilikuwa nayo, ya siku nne nyuma, hizo siku nne nikaziingiza kwa mkono jina moja moja huku namwomba Mungu mteja asinidai hela yake. Sasa hivi natumia ===, ambayo inauliza kama vinalingana, hata nikiwa usingizini, na nikiona kitu kinakubali haraka sana nakitilia shaka, nacheki kwa var_dump ndani ya kile kigeu (kama hiyo $cheo) kuna nini hasa, sio nini nadhani kimo. Na najaribu kila mlango kama mtu asiyeruhusiwa, sio kama mimi mwenye mfumo.

Wengine wenu mnahangaika na kosa ambalo hata si lenu. Umekopi kodi kutoka kwenye somo la zamani, ina mysql_connect, amri ya zamani ya kuunganisha na hifadhidata, seva inakuambia Call to undefined function, unaanza kujilaumu. Hizo fanksheni ziliondolewa kwenye PHP 7 iliyotoka mwishoni mwa 2015! Tumia PDO au mysqli, na uandike kwa prepare, usiunganishe maneno ya mtumiaji ndani ya SQL (lugha ya hifadhidata) kwa nukta, hilo tutagombana siku nyingine. Vilevile ujumbe wenyewe hubadilika, zamani ilikuwa Notice: Undefined index, tangu PHP 8 ni Warning: Undefined array key, yaani umeomba jina ambalo halimo kwenye orodha, ni ndugu mmoja kabadili jina. Na ukipakia faili kubwa halafu $_POST, yaani data iliyotumwa na fomu, yote ikawa tupu ghafla, usiivunje fomu yako, angalia post_max_size kwenye php.ini, kawaida ni 8M tu, ukizidisha PHP inatupa kila kitu.

Najua sote humu tunataka kufika mahali pamoja, uwe na mfumo wako, unatumiwa na maelfu, umelala na huamki kwa simu ya mteja. Huwezi kufika huko kama kila kosa unamtumia mtu picha iliyopigwa kwa simu imekatwa nusu. Badilisha kitu kimoja, jaribu, angalia. Kimoja jamani. Ukibadilisha vitano ikakubali hujui nini kimeponya, na ikikataa hujui nini kimeua. Na ukiomba msaada leta ujumbe wote, leta mstari wenyewe na kumi iliyo juu yake, sema unatumia toleo gani la PHP. Mwenye kukusaidia naye ana kazi zake. Nimejibu watu wengi sana bila hata asante, sio kwamba nalalamika, lakini nimehesabu.

Turudi kwa kijana wangu. Alikuwa ameshaweka zile ini_set na bado nyeupe, nikamwambia andika php -l sajili.php unitumie kilichoandikwa. Ikaja: Parse error: Unclosed '{' on line 9. Nikamwambia nenda 9. Kimya dakika mbili, halafu "Kaka imefunguka!!!" na alama za mshangao ambazo sizihesabu. Dakika kumi na moja zote kwa ujumla, nami nikajiona mkubwa kidogo, ruksa kujiona.

Nikawa nazima simu ikaingia nyingine: "Kaka sasa inasema Undefined array key simu, mstari wa 22." Nikaanza kuandika jibu, refu, lenye mifano, kabla sijatuma nikaona naye anaandika.

"Usijibu kaka nimeiona. Kwenye fomu niliandika Simu, S kubwa."