Jibu: Mapigo ya Ichiro ni 3,089 au 4,367?

Habari ndugu. Umekwama kwa kuwa jedwali moja linampa Ichiro Suzuki, mchezaji wa besiboli kutoka Japani, mapigo 3,089 (mara alizoupiga mpira na kufika kituo salama) na jingine 4,367. Yote mawili ni sahihi. Angalia kwanza wamehesabu ligi zipi. Nami nilihangaika hivyo hivyo hadi nilipotenganisha nchi: 1,278 alipiga Japani akiwa na timu ya Orix, 1992 hadi 2000, na 3,089 ni ya ligi kuu ya Marekani, kuanzia timu ya Seattle Mariners 2001 hadi alipostaafu 2019. Ukijumlisha unapata 4,367.

Ila usiishie kwenye mapigo, nakuomba. Tafuta video ya Aprili 2001 dhidi ya Oakland: anauokota mpira upande wa kulia wa uwanja, anaurusha moja kwa moja hadi kituo cha tatu, na Terrence Long, mkimbiaji wa Oakland, anatolewa. Tuzo zake 10 za Gold Glove, zinazotolewa kwa ulinzi bora uwanjani, utazielewa hapo.