Suluhisho la tatizo au suluhisho kwa tatizo?

Swali: Katika ripoti ninazohariri nakutana sana na "suluhisho kwa tatizo", "ongezeko katika bei" na "sababu kwa kuchelewa". Nazisahihisha kwa mazoea tu. Kuna kanuni?

Jibu: Mazoea yako ni mazuri. Zote tatu zinataka -a unganifu: suluhisho la tatizo, ongezeko la bei, sababu ya kuchelewa. Hizo "kwa" na "katika" ni za Kiingereza, ambacho nomino zake nyingi huwa na kihusishi zilichokizoea. Kwetu -a hubeba karibu kila kitu, tena bila kueleza uhusiano wenyewe ni upi. Dawa ya mbu humwua mbu, dawa ya meno huyatunza meno, na dukani hakuna anayechanganyikiwa.

Ukikwama, irudishe nomino kwenye kitenzi chake. Kitenzi kikifuatwa na mtendwa moja kwa moja, nomino huchukua -a: kuongoza nchi, uongozi wa nchi, kutibu malaria, tiba ya malaria. Kitenzi kikiandamana na "na", hasa chenye -ana mwishoni, nomino huirithi: kushirikiana na wazazi, ushirikiano na wazazi. Usiibadilishe ovyo. "Mkutano na wazazi" una upande wa pili, labda walimu. "Mkutano wa wazazi" waweza kuwa wao kwa wao.

Utata uko pale -a inapoweza kumlenga mtenda au mtendwa. "Upendo wa mtoto": anapenda au anapendwa? Mtenda mpe -a, anayefikiwa mpe "kwa": upendo wa mama kwa mtoto. Ndivyo ilivyo kwa athari: athari za ukame kwa wakulima. Ukiandika "athari za wakulima", umewageuza wao kuwa ndio balaa. Chuki pia hukubali "kwa", ila kwenye habari za uhasama "dhidi ya" ina uzito unaofaa.

Kwa mada, "maoni juu ya bajeti" imeshakubalika, ingawa mimi ningeandika "kuhusu" na kuiachia "juu ya" kazi yake ya mahali.

Unapohariri, kagua na upatanisho. Wengi huipata -a kisha wakaandika "ongezeko ya bei". Ongezeko na suluhisho ni za ngeli ya LI-YA: umoja "la", wingi "maongezeko ya", "masuluhisho ya".