Barua kwa mwanangu: kabla hujauacha ule mfumo wa zamani

Mwanza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Hapa Kirumba hatujambo. Mvua haijatulia tangu jana, dada yako ameanika dagaa wake mara mbili na kuwaanua mara mbili.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kuna kampuni hapo Dar inakuita. Wanatumia kila kitu kipya, na wewe umechoka kutunza mfumo wa lugha ya programu ya PHP ulioandikwa na mtu ambaye ofisini kwenu hawamkumbuki hata jina. Uhame au ubaki? Pili, mimi nimebadilisha kazi mara nne na kuziacha lugha za programu nilizozipenda, je, najuta? Na mwishoni ukaongeza mstari mmoja kwamba siku hizi akili mnemba inaandika kodi za programu haraka kukuzidi, na usiku hulali vizuri. Mstari huo ndio nimeusoma mara nyingi kuliko yote.

Kama ningekuwa wewe nisingehama mwezi huu. Nitakueleza kwa nini, lakini inabidi nianzie mbali.

Nilianza mwaka 1999, wewe una miaka miwili. Mwaka huo Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba wanavuliwa kwa sumu, na viwanda vya minofu hapa mjini vikatambua kwamba soko likifunguliwa vitatakiwa kueleza kila sangara katoka wapi. Kiwanda kimoja kikanichukua niandike mfumo: mwalo gani, boti gani, siku gani, kilo ngapi. Nikaandika kwa lugha ya Visual Basic 6, iliyotoka mwaka mmoja tu nyuma, na hifadhidata ya Access. Niliamini nimeshika kitu cha kuzeeka nacho. Aprili 2008 Microsoft wakaacha kuihudumia.

Sasa sikia kilichonikuta pale kwenye mizani. Siku ya tatu naona boti moja imeingia mara tatu: "Asante Mama", "Asante mama", "A. Mama". Karani aliandika kwa mkono uliolowa, kalamu inateleza, samaki wanapita, wachukuzi wanampigia kelele awapishe. Nikamfuata nikidhani namwendea kumfundisha kuandika. Akanyoosha kidole majini: "Dada, Asante Mama ziko mbili. Ile ya bluu ya Ukerewe, hii ya Kome. Na A. Mama ni ile ile ya bluu, siku anayokuja nayo nahodha mwingine." Nilikaa juu ya kreti nikapanga upya kila kitu. Boti ikapata namba yake, nahodha akapata yake, safari ikawa jedwali la peke yake linalowaunganisha. Majedwali hayo matatu nimeyachora katika kila kazi niliyokwenda, majina tu ndiyo yanabadilika. Hata SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, niliyotolea ripoti zile ilizaliwa IBM miaka ya 1970, na wiki iliyopita nimeandika amri ya SELECT kama niliyoiandika siku ile.

Flash nayo niitaje, kile chombo cha kuchezesha picha na maandishi kwenye kurasa za intaneti, maana uliuliza juu ya majuto. Nilikuja Dar nikaisomea, miaka miwili natengeneza kurasa zenye maandishi yanayoruka. Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple akaeleza hadharani kwa nini haitaingia kwenye iPhone, na 31 Desemba 2020 Adobe, wenye Flash, wakaihitimisha kabisa. Hii naijutia kweli. Miaka ile nilijifunza chombo peke yake. Sikumfahamu hata mtu mmoja aliyekuwa akizifungua kurasa zangu, wala sikuwa nimekaa kwenye intaneti kafe nimtazame mtu aliyelipia nusu saa ikimwishia ukurasa haujafunguka.

Nikarudi Mwanza. M-Pesa ilikuwa imeingia Tanzania mwaka 2008, na SACCOS zikaanza kutaka wanachama wao waangalie salio na kulipa marejesho kwa simu. Nikawa mtu wa menyu za nyota na reli. Vijana wenzako mnaziona za kizamani. Mimi nasema ndiyo teknolojia bora niliyopata kuishika. Inafanya kazi kwenye kitochi, haihitaji bando, na mama wa Kisesa haombi mtu amsaidie. Ila inakubana. Ujumbe mmoja wa USSD, ndilo jina la menyu hizo, unabeba herufi 182. Ukiandika "Chagua huduma unayotaka kuendelea nayo" umeshakula 38, na Kiswahili chetu maneno ni marefu. Nilikuwa nakata neno moja moja, nampa mama yako mkubwa simu asome, nikimwona anakunja uso narudi kukata tena. Pale ndipo nilipojifunza kuandika programu, zaidi ya darasani.

Na pale pale ndipo nilipofanya kosa ambalo sijawahi kukusimulia.

SACCOS moja niliyoihudumia ilikuwa na mfumo wa zamani wa mikopo. Mchafu, hauna maelezo, ukiusoma kichwa kinauma. Nikamshawishi meneja tuuandike upya kwa fremuweki mpya, yaani kiunzi kilicho tayari cha kujengea programu. Niliitaka ile fremuweki, mwanangu; nilitaka kuwa nayo kwenye wasifu wangu. Miezi minane tukaandika. Ndani ya kodi za zamani nilikuta mistari miwili: mwanachama ambaye namba yake inaanza na herufi P, kuanzia Machi hadi Juni asitozwe faini ya kuchelewesha rejesho. Haikuwa na sababu yoyote iliyoandikwa. Nikamuuliza mhasibu, naye alikuwa mgeni kama mimi, hajui. Nikaona ni kosa la mtu, nikaiacha nje.

Tulizindua mwezi wa tatu. Wiki ya pili ya Aprili akaja mzee kutoka Magu na kitabu chake cha akiba amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Akakifungua mezani kwangu taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akaweka kidole kwenye faini. Hakupandisha sauti. Akasema, "Binti yangu, pamba bado iko shambani. Tulikubaliana na chama tangu zamani, tunasubiriana mpaka pamba iuzwe." Herufi P ilikuwa pamba. Makubaliano yale yalifanyika kwenye mkutano wa wanachama, wakayapigia makofi, na mahali pekee yalipobaki ni mistari miwili niliyoifuta mimi. Faini tulizirudisha zote, nilikesha siku nne. Lakini wapo waliokwisha kukopa kwa watu wa riba ili walipe faini hiyo, na hao sikuwa na namna ya kuwarudishia.

Ndiyo maana hofu yako juu ya akili mnemba naisikia ila siishiriki kwa namna unayoibeba wewe. Ninaitumia kila siku. Inaniandikia kwa dakika kazi iliyokuwa ikinichukua asubuhi nzima, na sitajifanya hilo ni dogo. Anayeishi kwa kunakili kodi tu ana sababu ya kukosa usingizi. Lakini ingepewa mfumo ule ingeifuta mistari miwili kama nilivyoifuta mimi, tena kwa maelezo yaliyonyooka kuliko yangu. Sababu yake haikuwa ndani ya kompyuta. Ilikuwa kwa mzee wa Magu.

Katika barua yako umelalamika kwamba mfumo unaoutunza unafunga hesabu tarehe 27, wala si mwisho wa mwezi, na hakuna anayejua kwa nini. Umeiandika kama kero. Mimi nimeisoma nikasimama kutoka kwenye kiti. Kuna mtu aliyekubaliana na mtu mwingine juu ya tarehe hiyo. Mtafute. Anza na wahasibu wa zamani, waliostaafu usiwaache, na mlinzi wa mlangoni muulize pia. Jipe miezi sita, kila ajabu unayoikuta iandike pamoja na jina la aliyekueleza, umwachie atakayekuja baada yako.

Ukimaliza hapo, nenda. Sikuzuii, na mshahara ukiwa mkubwa uuchukue, una mdogo wako wa kusomesha. Siku ya usaili wasikushibishe majina ya vyombo. Waulize kama utaruhusiwa kukaa na wanaoutumia mfumo wao, na mara ngapi. Wakikuambia kuna idara nyingine ya kuongea na wateja, rudi nyumbani ufikirie upya.

Nimekutumia dagaa kwa basi, mfuko umefungwa kamba nyekundu, utaupokea stendi ya Magufuli Jumanne. Ndani nimeweka daftari langu la mizani la 1999, limefungwa nailoni mbili lisishike harufu. Ukurasa wa Asante Mama nimeukunja pembe.

Ukishaijua hiyo tarehe 27 nipigie, hata kama ni usiku.

Mama