Nyinyi mnaoripoti kazini maktaba ya kaunti, kaeni hapa kidogo kabla hamjagusa stempu

Mniwie radhi kwa sauti. Leo asubuhi mmoja wenu, jina namfichia, ameniletea orodha ya vitabu vya kuagizwa, na katikati kumekaa "Fom Wan rivishen, nakala 40" na chini yake "Fom Tuu rivishen, nakala 40". Nikamuuliza, Fom Wan wa wapi? Akanitazama tu. Mwaka huu wa 2026 Kenya nzima hakuna Fom Wan wala Fom Tuu, waliomaliza gredi ya tisa wameingia Gredi 10, ule mfumo wa zamani wa 8-4-4 uliobaki ni Fom Thrii na Fom Foo, na KCSE ya mwisho, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ni 2027 basi. Ndiyo, najua kandideti bado anarudia topiki za Fom Wan, sikuzaliwa jana. Lakini nakala 40? Na huyu kijana ana dada yake Gredi 10, alituambia mwenyewe wakati wa chai!

Hasira yenyewe si yake peke yake, iko na historia, mtaiona namba tatu. Wacha nianze na ya kwanza.

1. Jueni serikali gani inashughulika na nini, kabla hamjafungua mdomo mbele ya wananchi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, someni hata kama ni kwa simu. Maktaba, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu, walimu wao ni wa TSC, ile tume ya walimu, na madarasa mengi mnayoona yamepakwa rangi mpya ni CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo la mbunge. Mwalimu wa chekechea aliye kwenye kiwanja kilekile cha shule ya msingi analipwa na kaunti, jirani yake wa Gredi 1 ukuta wa pili analipwa na TSC, na mzazi anayeleta mtoto hajui tofauti na wala haimhusu.

Nilikuwa baraza moja la bajeti ya wadi, mzee akasimama kuuliza kuhusu paa la shule ya msingi lililong'olewa na upepo. MCA, mwakilishi wa wadi, akaeleza vizuri kabisa kwamba hiyo si kazi ya kaunti. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake, akauliza, "Na kura yangu ulikuja kuomba ya serikali gani?" Watu walicheka mpaka chifu akaanza kukohoa ili mkutano uendelee. Sasa wewe uliyetoka chuo juzi ukisimama pale useme "hiyo si mandeti yetu" utaliwa mbichi. Sema ofisi ya kwenda na siku ya kwenda, na kama unamjua karani wa huko, mpigie wakiwa hapo.

Na tafadhali, msiandike barua za ahadi. Kuna mmoja alikuja hapa kwa atachimenti, mazoezi ya kazi ya chuo, miaka ya nyuma, kijana mzuri, ana moyo, akamwandikia hedimasta kwamba maktaba "itaangalia uwezekano" wa kuwajengea chumba cha kusomea. Kijana alimaliza miezi yake akaenda zake. Hedimasta bado huja na ile barua, ameipiga laminesheni. Tunachoweza kumpa ni sanduku la vitabu vya hadithi kwa muhula mmoja, mwalimu mmoja asaini, arudishe. Hicho ndicho mseme.

2. Kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti mwisho wa Aprili, mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Kwa hivyo kitu unachokitaka 2027 kiandike Agosti ya 2026, kwa sababu ukianza kulia Mei unalilia maiti. Na wasomaji wenu waleteni kwenye vikao vya maoni ya umma, wale wale wanaolalamika viti havitoshi, kwa maana ofisa wa maktaba akisema viti havitoshi ni kelele za ofisi, lakini mama mwenye mtoto wa Gredi 8 akisema inaandikwa.

3. Orodha ya vitabu. Haya, vuteni viti.

Hii ilikuwa Juni 2023 na kituo nilichokuwa sitakitaja. Simu ikapigwa kutoka makao makuu kwamba kuna pesa imebaki kwenye voti yetu, yaani fungu letu la bajeti, na kama orodha haijafika kabla ya saa kumi jioni pesa inarudi. Mnajua vile unasikia ukiambiwa hivyo, baada ya mwaka mzima wa kuomba hata gundi. Mezani nilikuwa na orodha ya msambazaji mmoja, ya mwaka uliotangulia, imechapwa vizuri, bei ziko, ISBN ziko. Nikabadilisha tarehe. Nikaongeza ensaiklopidia seti moja ndio ionekane nimefikiria. Nikatuma.

Dada aliyekuwa dawati la mbele, yule wa cheti tu, hana digrii kama zenu na zangu, alipitisha macho kwa karatasi akaniambia, "Madam, hapa kuna darasa la saba. Darasa la saba halipo tena." Na kweli halikuwepo. Januari ile Gredi 7 ya kwanza ilikuwa imeingia junia sekondari, waliokuwa la saba wamevuka kwenda la nane, na hao wa la nane ndio walikuwa wa mwisho kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Novemba wamemaliza na mtihani wenyewe ukazikwa. Kila mzazi mjini alijua, watoto walijua, mimi mwenyewe nilikuwa na mpwa wangu Gredi 7 ananisumbua na mradi wa kutengeneza sijui kikapu gani. Nilimjibu yule dada, "Wacha kwanza tuokoe pesa." Hayo maneno yangu nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu amenirudishia mara nyingi, kwa heshima, lakini amenirudishia.

Pikapu ilifika siku za mwisho kabisa za Juni, jioni, mvua imeshaanza. Kamati ya kukagua na kupokea ilikuwa watu watatu, mmoja wao anaangalia saa kwa sababu matatu za kwao huisha mapema. Tulifungua katoni moja. Moja! Ile ya juu, na juu yake kulikuwa na vitabu vya hadithi, vizuri, vina picha, tukafurahi, tukahesabu katoni zilizobaki kutoka nje, tukasaini delivari, fomu ya kupokea mali, S13, ikajazwa, dereva akaondoka. Kesho yake nikafungua zingine. Sayansi darasa la saba. Hisabati darasa la saba. Rivishen za KCPE, darasa la nane, nakala hazihesabiki. Hakuna aliyeniibia, msifikirie hivyo. Msambazaji alileta kile nilichoandika, kwa idadi niliyoandika, kwa bei niliyoandika. Saini yangu ilikuwa mwanzo wa faili na mwisho wa faili.

Za la nane zilitumika muhula mmoja na nusu, tushukuru. Za la saba sasa. Likizo ya Agosti msichana mmoja wa Gredi 7 alikuja kutafuta kitabu cha sayansi, nikamwonyesha ile rafu mpya kwa tabasamu la mtu anayeuza. Akachukua kimoja, akafungua daftari lake kando yake, akalinganisha kichwa cha somo na yaliyomo, akaenda ukurasa mwingine, akarudi nyuma, akakifunga polepole na kukirudisha mahali pake akikisukuma kwa kidole mpaka kilingane na vingine. Akaniambia, "Hivi ni vya kina bro, wale wa mtaala wa zamani." Hakulalamika. Alitoa kalamu akaanza kunakili noti za rafiki yake.

Wakaguzi walipokuja walituSIFU. Hesabu ya rejista na hesabu ya rafu ziligongana sawasawa, hakuna nakala iliyopotea, hakuna iliyochanika. Mmoja tu, mwanamke mdogo hivi asiyesema sana, aliuliza kwa nini karatasi ya tarehe za kuazima iliyobandikwa ndani ya kitabu ni nyeupe. Akafungua kingine, nyeupe. Kingine. Nikasema tunaanza kampeni ya usomaji. Mungu anisamehe.

Na msidhani unaweza kuvitupa. Mali ya umma haitupwi vile mtu anamwaga majivu, iko Sheria ya Ununuzi ya 2015, iko kamati ya uondoaji, iko fomu, iko kikao ambacho kila mwaka kinakosa akidi. Nilihama kile kituo nikaviacha stoo. Nasikia mlinzi hukalia katoni mbili za hisabati.

Kwa hivyo nikiona "Fom Tuu nakala 40" siwezi kukaa kimya, mnielewe. Wekeni daftari dawati la mbele, kila mtu akiuliza kitabu ambacho hatuna andikeni hapo hapo, tarehe na alichotaka. Simu ya Juni ikipigwa orodha yako iko tayari, unaongeza bei tu. Na katoni zote zifunguliwe, hata kama mwanakamati analala kituo cha matatu.

Ah, na neno "assorted", yaani mchanganyiko, kwenye orodha. Nikiliona tena nitaomba likizo ya ugonjwa. Ukiandika "vitabu vya hadithi, assorted, 200" utaletewa kitabu kimoja mara 200 na hutakuwa na kesi.

4. Dewey, zile namba za kupanga vitabu rafuni, muijue, lakini msiwatupie watu. Mama amekuja kutoka sokoni, kuku wake wanakufa, anauliza kama kuna kitabu. Mmoja wenu akamwambia "angalia 636.5". Ni namba sahihi kabisa! Kuku ndiko wanakokaa. Mama akatafuta mlango wa chumba namba 636. Nyanyuka kwenye kiti, mpeleke, mtolee kitabu, muulize kuku wanaharisha rangi gani, na kama kitabu hakisaidii mwambie ofisa wa mifugo wa wadi anakaa wapi, kwa maana huyo pia ni mtu wa kaunti, mnalipwa kutoka mfuko mmoja. Yule mama alirudi na watoto watatu, wawili wana kadi za uanachama leo, kuku sijui.

Wazee wa magazeti nao wana viti vyao. Haijaandikwa popote. Ukikaa kwenye kiti cha yule mwenye koti la kijivu utaona utafanywa nini na macho.

5. Vitu vidogo, harakaharaka. Imprest, pesa ya safari unayopewa kabla ya kwenda, irudishwe na risiti ndani ya siku saba za kazi ukishatoka safari, la sivyo wanakata mshahara na hawakupigii simu. Mvua ya saa nane mchana huku magharibi huja na radi, ukisikia ya kwanza chomoa kompyuta na ruta, usingoje uokoe dokumenti. Tokeni za stima zikifika yuniti 20 ripoti, usingoje giza. Kitabu kipya hakiendi rafuni bila stempu, namba ya rejista na lebo, hata kama ni zawadi ya mheshimiwa na amekuja na kamera. Kitu chochote kikitoka stoo, S11, fomu ya kutoa mali. Hata ream moja ya karatasi. Hata kama ni mimi nimeomba.

6. Watoto. Jumamosi wanajaa, wengine wamekuja kusoma, wengine wamekuja kwa sababu nyumbani kuna kazi ya shamba, wengine ni waifai. Mmoja wenu wiki iliyopita aliwafukuza kundi zima kwa sababu ya kelele na wakati anawafukuza yeye ndiye alikuwa na kelele kuliko wote, kandideti wawili walihamia barazani. Watoto wadogo wapelekwe kona yao, mkeka uko, mkubwa mmoja awasomee kwa sauti, kelele inageuka kuwa kazi. Anayechaji simu mwache achaji kama amekaa na kitabu mkononi, hata kikiwa juu chini. Baada ya nusu saa huwa anakigeuza.

Fom Foo wale wa kurudia mtihani, watu wazima wenye kazi zao za boda na saluni, wanafika saa kumi na moja jioni tunapofunga. Hilo sijalitatua. Nimeliandika kwenye maoni ya bajeti, nimeambiwa ni suala la ovataimu ya walinzi, na mwenye wazo alilete kabla ya Agosti, kwa maandishi, likiwa na gharama.

Kesho saa mbili kamili, si na robo. Aliyeandika ile orodha aje na kalamu nyekundu na aje na dada yake wa Gredi 10 kama hana shule, tunaiandika upya sisi watatu.